Uji wa Saruji Mlimani Ngaremara

Nilitoka Mwatate juu ya lori la matofali, nikalala kwenye benchi Nairobi, nikapita Nanyuki bila kushuka. Siku ya tatu nikafika Isiolo miguu imevimba. Nilikuwa nimesikia kuna mlima unatobolewa ng'ambo ya Ngaremara ili bomba la maji liwafikie wafugaji, na kazi ya mashimo niliijua tangu machimbo ya vito.

Mwamba wa pale ulikuwa mbovu. Ukiubana kwa vidole unamwagika kama chenga. Hatukuthubutu kusimamisha nguzo za chuma kabla ya kuuimarisha. Tulitoboa matundu marefu mbele yetu, tukasukuma uji wa saruji kwa pampu ujaze nyufa, tukangoja ugande. Ndipo tuchimbe hatua moja na kuweka nguzo. Uji ulitakiwa uwe mwepesi kama maziwa.

Mwenzangu wa pampu alikuwa Mborana wa rika langu, aliyekulia visimani akinywesha mifugo. Asubuhi moja ya kiangazi mbuzi wengi walilifikia tangi letu, nyuma yao mama mmoja. Alitoa salamu tu, hakuomba.

"Usifungue," nikamwambia mwenzangu. "Bauza ya maji inarudi Ijumaa."

"Mnyama amefika kwa maji, nimfukuze? Nyinyi watu ya Taita mnafukuza?"

"Kwetu kuna mito."

"Basi nyamaza, shika mpira wa maji."

Nikaushika. Walikunywa karibu tangi zima. Msimamizi alikuwa mjini, na alitaka matundu yajazwe siku hiyo, kwa hiyo tulikoroga saruji na maji yaliyobaki. Ikatoka nzito kama ugali. Ilijaa mdomoni mwa matundu, ndani haikuingia. Kwa macho ilipendeza.

Siku tatu baadaye tulichimba, na tulipokuwa tunainua nguzo, paa lote lilishuka. Tulitoka mbio, wazima. Wakubwa walikuja na tochi zao, wakasema mlima haufai, kazi imekwisha. Sisi hatukutaja tangi wala uji mzito.

"Ungewapa mbuzi maji tena?" nilimuuliza mwenzangu.

"Ningewapa." Hakuniangalia.

Siku niliyoondoka, lori lilizunguka upande wa pili kuchukua mabomba. Huko wanakijiji walikuwa wanachimba mtaro wa kuyapokea, wamefika karibu na mlima. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba kazi imekwisha.

"Maji lini?" mzee mmoja akaniita.

"Karibuni," nikasema. Wengine wakainama, wakaendelea kuchimba.