Miyaa Iliyolowa

Harufu ya miyaa iliyolowa, yale majani ya kusukia mikeka, imeingia ukumbini kabla ya mtoto mgeni mwenyewe, na imenirudisha siku ile nilipoletwa humu.

Mama alinitoa kijijini, tukashuka basi mjini, Mwembe Tayari, tukatembea hadi mtaa wa Kuze. Kina mama wa mtaa walikuwa wakiwafunza watoto wa mashambani waliokosa shule, humu humu ukumbini. Nilidhani nitaulizwa herufi, nami sikujua hata moja. Kumbe kwao mtoto mgeni hafunzwi kwanza. Hufunza yeye.

"Haya, mwanangu, kwenu mwafanya nini?" aliuliza bibi mwenye nyumba.

"Twasuka mikeka."

"Basi tufunze."

Niligawa miyaa tuliyokuja nayo. Bibi akaanza kusuka, akakunja jani la pembeni vibaya. Nikaona. Lakini kwetu mtoto hamwambii mtu mzima amekosea. Nikamtazama Mama, naye akatazama chini. Nikisema, tutafukuzwa. Nikinyamaza, kazi yote itafumuka, na watasema sijui kitu.

"Bibi, si hivyo," nikasema.

Bibi akafumua, akaninyooshea mikono yake. "Nionyeshe."

Leo nimekaa mimi mahali pa bibi; mtoto huyu amenigawia miyaa, nami nimelikunja jani la pembeni vibaya, makusudi. Ameona. Anamtazama mamake, na mamake anatazama chini.

Sema, mwanangu. Nakuomba, sema.