Mama wa Mahindi Kwenye Kona ya Ukurasa

Kundi letu la mashabiki wa vibonzo hukutana kila Jumamosi kwenye duka la stesheneri, mtaa wa Soweto, Mbeya. Nasema letu, ingawa nilipoanza kwenda pale neno hilo lilikuwa la wenzangu. Nilikuwa nimemaliza chuo Iringa, sina kazi, nakaa kwa mjomba, na kila siku nilikuwa nimeshapata hofu mpya kabla ya chai ya asubuhi. Vibonzo pekee ndivyo nilivyosoma bila kujiuliza kama nimeelewa vibaya.

Tunafuata mfululizo mmoja, wa dereva wa lori la Zambia ambaye huona kilichoko nyuma ya kona kabla hajaifikia. Mchoraji wake yuko Iringa. Anachapa mwenyewe na kututumia furushi kwa basi. Mwenye duka, ambaye babu zake walitoka pwani wakaja kufanya biashara huku, ndiye mwenyekiti wetu, na sheria ilikuwa yake: mgeni anaulizwa maswali ya toleo la kwanza. Akikosa, anasoma amesimama karibu na mashine ya fotokopi na hachangii neno lolote. Akitaka kukaa kwenye benchi, asome matoleo yote kwa mpangilio, ndipo aulizwe tena.

Mimi niliulizwa lori lile lilikuwa la nani kabla ya dereva. Nilifikiri sana, nikapata majibu kadhaa, yote nikayaona yana kasoro. Nikasema sijui. Fundi simu wa kibanda cha jirani, ambaye hakosi Jumamosi hata moja, akawaambia wenzake wasihangaike na mimi, huyu Mhehe atasusa sasa hivi aondoke. Ndivyo sisi Wahehe tunavyotaniwa kila tuendako, na kusema kweli ndivyo nilivyotaka kufanya. Lakini nilijijua. Ningetoka pale, ningekaa wiki nzima natunga majibu makali ambayo hakuna wa kuyasikia. Nikaenda kusimama karibu na mashine. Jumamosi iliyofuata nikasimama tena. Baridi ya sakafu ya saruji mwezi wa sita, Mbeya, inapenya soli.

Toleo la kwanza lilikuwa kabatini, hatua chache kutoka niliposimama. Sikuligusa. Nilijiuliza mara nyingi kama huo ni msimamo au ni kiburi tu, sikupata jibu, nikaendelea kutoligusa.

Sababu yangu ilikuwa hii. Chuoni niliazima kwa mwenzangu wa bweni toleo la katikati, lile la mizani ya kupimia malori barabarani. Nililisoma bila kujua dereva ni nani wala anatoroka nini. Kwenye picha moja wauzaji wote wanakimbilia dirisha la lori wakiwa wameinua ndizi na karanga. Mama mmoja tu, kwenye kona ya chini, amekaa na beseni lake la mahindi ya kuchemsha, hakimbilii mtu. Ukurasa unaofuata dereva anashuka mwenyewe na kumwendea. Mama hasemi neno. Mimi hapo nilishamjua dereva. Mama yangu kule Kilolo anauza viazi kando ya barabara na hajawahi kukimbilia gari, na nawajua watu wa aina mbili, wanaopiga honi wakisubiri aje, na wanaoshuka.

Kisha mchoraji akatutumia ujumbe wa sauti. Wasomaji wapya wanalalamika, alisema, watu ni wengi mno, wanapotea. Ataanza upya kwa toleo jepesi: atabaki dereva, utingo wake na maadui. Wapita njia wote watatoka, na mama wa mahindi akamtaja kwa mfano. Aliomba maoni ya mashabiki wa Mbeya na wa Iringa, kwa sauti pia, kabla hajaanza kuchapa.

Ubishi ukawaka dukani. Mwenyekiti hakutaka toleo jepesi kabisa. Anayetaka kuelewa aanzie mwanzo kama walivyoanza wenzake, hata shule hakuna anayeingia darasa la nne kwanza. Fundi simu alitaka wapita njia waondolewe hata jana. "Yule mama hajafungua mdomo tangu azaliwe," alisema. "Weka jiwe pale, nani atajua?"

Wakakubaliana kurekodi baada ya swala ya alasiri, kila aliyeko kwenye benchi aseme lake. Mimi sikuwa kwenye benchi. Mwenyekiti alipokwenda msikitini, nilipima jambo hili kwa kila upande, nikaona kila upande nina aibu. Nikaenda kukaa.

"Dada, hapo hujafuzu," fundi simu akasema.

"Najua."

"Basi inuka."

"Siinuki. Nakukopa nafasi, utanidai nikifa."

Wengine walicheka, yeye akasogea kidogo. Mwenyekiti aliporudi alinitazama, akauliza nani amenikalisha. Nikamwambia nimejikalisha. Akaiweka simu mezani, akaanza kurekodi. Zamu yangu ilipofika hakunizuia, ila alitazama pembeni.

Nilisema sijasoma toleo la kwanza na sitalisoma kwa kulazimishwa. Nikasema niliingia kwenye hadithi hii kupitia kwa yule mama, bila kuulizwa swali, na kama wageni wanapotea wamlaumu anayewasimamisha mlangoni, wasimlaumu mama. Mwenyekiti alikohoa. Kikohozi chake kilirekodiwa pia.

Mchoraji alijibu kwa upole. Alinishukuru, akasema nimeona makubwa mahali padogo. Yule mama hakuwa na maana yoyote. Kona ilikuwa tupu, akaijaza. Fundi simu alinipongeza kwa kulitetea jiwe. Nilirudi kwa mjomba nikaurudia ujumbe ule mpaka nikaukariri, nikitafuta mahali nilipokosea. Mwisho nikamjibu mchoraji: "Basi uliijaza vizuri kuliko ulivyokusudia. Mchoro umeutoa mwenyewe mkononi, sasa na sisi tuna la kusema."

Furushi la toleo jepesi lilifika. Nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi. Hakuna aliyeniruhusu, na hakuna aliyeniinua. Tulisoma. Ukurasa wa mizani ulikuwa safi, dereva na lori lake tu. Mama ameondolewa. Lakini ukurasa unaofuata mchoraji aliuacha ulivyokuwa: dereva anafungua mlango, anashuka, anavuka uwanja. Anafika kwenye kona, anainama kidogo, mkono ameunyosha mbele. Pale kwenye kona pana vumbi.

Mwenyekiti alirudi nyuma ukurasa mmoja, akaenda mbele, akarudi tena. Akamwonyesha fundi simu.

"Huyu anashuka kwenda kwa nani?"

Fundi simu aliuvuta ukurasa karibu. "Labda mkojo," akasema, na hakuna aliyecheka, hata yeye.

Niliwaambia warekodi tena, swali hilohilo, kwa sauti ya mwenyekiti. Alikataa, akasema niulize mimi, ndimi ninayejua anakwenda kwa nani. Akasukuma simu mpaka mbele yangu. Sikuwa nimeandaa hata sentensi moja. Sauti ilianza kutetemeka. Nikaiacha itetemeke, nikamuuliza mchoraji.