Pikapu ya Kanisa na Muhuri wa Karani

Miaka ile ya themanini nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya serikali mjini Kitui, nyuma ya mhubiri mwenye suti ya kijivu. Alikuwa na barua ya kuombea pikapu ya kanisa msamaha wa ushuru. Kilichobaki ni muhuri tu.

Karani aliinua muhuri, akausimamisha hewani. "Hii gari inafanya kazi gani, pastor?"

"Kubeba waumini tu."

Karani alichungulia dirishani. Pikapu ilikuwa imeegeshwa pale nje, aya ya Biblia imeandikwa ubavuni, nyuma imejaa mavi ya mbuzi. Akamgeukia mama mmoja aliyekuja kutafuta leseni ya kibanda. "Mama, unaijua gari hiyo?"

Mama alikaza leso kiunoni, macho sakafuni. "Naijua. Mimi ni wa kanisa hiyo. Inanipeleka Mutomo kila siku ya soko, na ninalipa."

"Hiyo ni sadaka," mhubiri akasema bila kugeuka.

"Hapana, pastor. Sadaka nikikosa, unaniombea. Hii nikikosa, dereva ananishusha."

Karani akarudisha muhuri kwenye droo na kuifunga. Mhubiri akakunja barua yake, akatoka bila kutuaga. Tangu siku hiyo, nikiona aya ya Biblia imeandikwa ubavuni mwa gari, kwanza huchungulia kilichopakiwa nyuma.

Nje nilimkuta yule mama amesimama. Nikamuuliza kama ataweza kwenda kanisani Jumapili.

"Nitaenda," akasema. "Lakini kwa miguu."