Miti Tuliyotunziana Nangara

Siku ya kwanza nilifika kwenye kitalu cha miti cha Babati nimevaa viatu vya kisigino, na mpaka leo sijaona sababu ya kuomba radhi. Nilikuwa binti wa Dareda, nimetoka chuo cha misitu na cheti changu, na viatu vingine sikuwa navyo. Vibarua walicheka. Bwana Misitu, maana ndivyo tulivyomwita afisa misitu wakati ule, hakucheka. Alikuwa mzee mrefu, mkali, asiyependa maneno mengi. Aliniuliza, "Binti, mti unakula nini?"

Nikajibu kama mwanafunzi: maji na mbolea.

"Umejibu nusu," akasema. Akainama kwenye jiko la mlinzi, akaokota kipande cha kaa kilichozimika, akaniwekea kiganjani. "Hili lilikuwa hewa. Mti uliivuta kwa majani, ukaifanya ubao. Watu wakichoma, hewa inarudi juu. Kazi yako hapa ni kuishusha na kuizuia isirudi. Haya, shika koleo."

Ndiyo hiyo hewa ukaa ambayo wajukuu zangu mnaniletea kwenye simu kana kwamba imegunduliwa wiki iliyopita. Mnanionyesha mitambo ya kuinyonya kutoka angani ili hali ya hewa ya dunia irudi ilivyokuwa. Sawa, wajenge. Ila msinieleze habari yake polepole kama mtu asiyesikia vizuri, maana kazi hiyo nimeifanya kwa mikono hii kabla wazazi wenu hawajaoana.

Sasa niwaeleze tulivyoifanya. Mbegu tulizisia kwenye tuta laini lenye kivuli. Zikichipua na kupata majani mawili ya kweli, tulizihamishia kwenye viriba, yaani vifuko vya nailoni vilivyojazwa udongo wa msituni, mchanga na samadi. Mche ukikua tulikata mizizi iliyotoboa chini ili isishike ardhi ya kitaluni, kisha tukapunguza kivuli kidogo kidogo hadi mche uzoee jua kali. Ukiruka hatua hiyo, mche unakauka shambani wiki ile ile unayoupanda. Tulikuza mgrivea na mlusina, na mringaringa, ambao mimi niliupenda kuliko yote.

Lakini ilikuwa miaka ya shida. Sabuni hakuna, sukari hakuna, mafuta ya taa ukiyasikia yamefika unaacha chungu jikoni unakimbilia foleni. Viriba navyo vikaadimika. Tukabandua maganda ya migomba, tukayakunja na kuyafunga kwa kamba zake zenyewe, tukajaza udongo humo. Landrova ya idara ilikaa juu ya mawe kwa kukosa dizeli, basi miche tukaibeba kichwani kutoka kitaluni hadi kwenye mlima mdogo ulio juu ya kijiji cha Nangara. Mlima wenyewe ulikuwa umebaki kipara, mvua ikinyesha udongo wote unateremkia ziwani. Nilishuka pale jioni shingo imekakamaa, na kesho yake nikapanda tena.

Kilichotushinda mwanzoni hakikuwa ukame, bali mbuzi. Agizo la juu lilisema tugawe miche bure, kila kaya ipande mlimani. Watu walipokea, wakapanda, wakaenda zao, mbuzi wakala. Nilikasirika sana, nikaenda kwa Mama Theresia, mkulima wa Nangara ambaye uwanja wake ulipakana na mlima, nikamfokea kana kwamba mbuzi wote wa Babati ni wake. Aliendelea kupepeta maharage yake.

"Mama Paskali, umemaliza?" akauliza. Paskali ni mwanangu wa kwanza, nilikuwa nimeshampata. "Mmetugawia miche kama yatima. Haina mwenyewe. Nani atamkimbizia mbuzi kitu kisicho na mwenyewe? Ungemkabidhi mtu kama ng'ombe, ungeona."

Hapo lazima nieleze, kwa ajili ya mliozaliwa mjini. Kwetu mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote nyumbani kwake. Huwakabidhi wengine kwa watu, huyu mmoja, yule wawili. Anayetunza anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na ndama zake ni wa mwenyewe. Kumchinja au kumwuza ng'ombe wa kukabidhiwa ni aibu isiyofutika. Hutapewa mwingine, na watoto wako watasemwa. Na mwenyewe naye hawezi kumnyang'anya mtunzaji bila sababu, ataonekana hana utu.

Nikarudi kwa Bwana Misitu, nikamwambia nataka kukabidhi miti. Alivuta kiko chake. "Kwenye maelekezo hakuna kitu kama hicho," akasema. "Ila hayakatazi. Endelea."

Basi tukafanya hivi. Kaya ya kijiji jirani cha Bagara ilipewa mche uwe mali yake, ikaukabidhi kwa kaya ya Nangara iutunze pale mlimani. Kaya ya Nangara nayo ikawa na mti wake Bagara, unaotunzwa na mwenzake. Mtunzaji alikata majani ya chini ya mti akapelekea ng'ombe wake zizini, na matawi ya kupogolewa yakawa kuni zake. Hata vibarua wetu waliotoka Maisaka walikabidhiana. Mimi nilikuwa na mringaringa wangu, na mtunzaji wake alikuwa Mama Theresia. Mbuzi wakakoma, maana sasa kila mche ulikuwa na mtu atakayeulizwa. Mvua chache baadaye mlima ukawa kijani, na udongo ukaanza kutulia.

Halafu Bwana Misitu wangu akastaafu, akaletwa Afisa Misitu mpya. Msomi, kijana, mtanashati, mwenyeji wa Mbulu. Sikatai, alikuwa mchapakazi. Ila alikuja na amri mkononi: mji hauna mafuta ya taa, taasisi zinahitaji makaa, kwa hiyo miti ya mlimani ikatwe, yachimbwe matanuru palepale, kisha eneo ligawiwe kwa kilimo cha mahindi.

Nilimfuata ofisini. Nilimwambia miti ile ndiyo kwanza imeanza kufanya kazi yake, kwamba tukiichoma tunarudisha juu hewa yote tuliyoishusha, na udongo tunaupeleka ziwani.

"Hewa?" akasema. "Watu wanapikia vinyesi vya ng'ombe, wewe unanihubiria hewa? Dada, wewe ni msaidizi. Saidia."

Hasira zilinipanda, sisemi uongo. Nikamjibu kwamba kukata sitakata na wala sitamwonyesha mtu mpaka wa miti ile. Akaniambia nitajuta.

Akaitisha mkutano wa kijiji pale Nangara. Watu wa Bagara nao wakaja, kwa kuwa miti ilikuwa yao. Akasoma amri, kisha akaagiza kila kaya ikate miti iliyo mbele yake. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia. "Bwana mkubwa, huu ulio mbele yangu si wangu. Nimekabidhiwa tu."

"Basi mwenyewe aukate."

Mwenyewe, mtu wa Bagara, akasimama naye. "Nitamnyang'anyaje mwenzangu kitu alichokitunza vizuri? Hajanikosea."

Ikawa hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya chini na adabu zote. Hakuna aliyekataa amri ya serikali. Kila mtu alieleza tu kwamba mti si wake au haumo mikononi mwake. Akawageukia vibarua, nao wakatazama chini, kwa sababu na wao walikuwa wamekabidhiwa miti ya watu.

"Mti si ng'ombe!" akasema Afisa, uvumilivu umemwishia.

Ndipo Mama Theresia akainuka. Hakupaza sauti. "Mwanangu, wewe ng'ombe zako ziko wapi?"

Kila mtu alijua. Baba yake alimwachia mifugo, na yeye kwa kuwa ni mtu wa ofisi aliikabidhi kwa watu huko Mbulu. Mama Theresia akaendelea, "Wanaokutunzia wakisikia kwamba wewe umesema cha kukabidhiwa kinaweza kuchinjwa, watafanya nini? Sema tu hapa mbele za watu, nasi tutakata."

Mkutano mzima ulimsubiri. Alikuwa mtoto wa kwetu yule, neno hilo hakuweza kulitamka. Akakunja karatasi yake, akasema suala litaangaliwa upya, akaondoka.

Mimi nililipa. Haukupita muda nikapata uhamisho kwenda Kiteto, kituo cha mbali kisicho na kitalu wala maji, na cheo changu kikabaki kilekile mpaka wenzangu niliowafundisha kukunja maganda ya migomba wakawa wakubwa wangu. Waliniambia niandike kuomba msamaha. Nisamehewe nini? Nilitumikia huko, kisha vituo vingine viwili, nikastaafu msaidizi kama nilivyoanza. Iliniuma, na bado inauma nikiwaona wanaopewa sifa kwa kupanda mti mmoja mbele ya kamera. Lakini niliporudi Babati na kuuona mlima umejifunga kwa miti, huoni jiwe, nililala usingizi mzuri.

Mwezi uliopita alinijia hapa Bagara afisa misitu wa sasa, binti aliyeajiriwa juzi tu. Akanipa shikamoo, akakaa, chai hakuigusa. Kuna wakubwa wanataka mlima upimwe viwanja, na wanasubiri yeye aseme hakuna kizuizi. "Bibi, wananiambia nisiwe mbishi, ajira yenyewe bado changa. Nifanyeje?"

Nilimwuliza kama anatunza mti wa mtu yeyote. Akasema hapana, yeye ni mgeni, ametokea Singida. Nikamwita Theresia mwenyewe, mtoto wa yule Mama Theresia, maana mama yake tulishamzika, na kazi ya kunitunzia alibaki nayo yeye. Nikamwambia amkabidhi huyu binti mringaringa wangu. Majani yawe yake, matawi makavu yawe yake, mti ubaki wangu. Theresia akakubali, nikamweleza mgeni maana yake yote, na yeye akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Sasa rudi ofisini," nikamwambia. "Wakikuuliza kizuizi ni nini, waambie umekabidhiwa mti wa mtu, na mwenyewe bado hajafa."