Gia ya Tatu ya Gari ya Mama

Juzi nilikwenda Chukwani kuhani msiba, na kwa vile nilikuwa karibu, nikapitia nyumba tuliyokulia. Nyumba yenyewe haipo. Imejengwa ghorofa ya kupangisha, na ua wetu umemwagwa zege mpaka ukutani. Pale ulipokuwa mstafeli zimepangwa gari za wapangaji, karibu zote otomatiki. Moja ya gia za mkono ilikuwa inavuja. Nikainama, nikaisikia harufu ya oili ya giaboksi, harufu nzito kama kiberiti kilichochanganywa na samli iliyoungua. Mlinzi akaniuliza namtafuta nani. Niliyekuwa namtafuta ni Mama, wa miaka ile, kalala chini ya gari na miguu yake miwili tu imetokeza nje.

Mama alikuwa muuza dawa katika duka moja Mji Mkongwe. Baba alipomwacha, tulirudi Chukwani kwenye nyumba ya marehemu babu, ambayo mjomba, kaka yake mkubwa, ndiye aliyekuwa akiisimamia. Hapo ndipo Mama alipoileta gari ile. Ilikuwa ya spoti, nyekundu, milango miwili, imekaa chini hata paka alikuwa hapiti chini yake kwa raha. Mgeni mmoja aliyekuwa akihama kisiwani alimwachia kwa bei ya chuma chakavu, kwa sababu giaboksi yake ya otomatiki ilikuwa imekufa na nyingine haipatikani Unguja nzima.

Mama akaamua kuitia giaboksi ya gia za mkono, iliyotoka kwenye pikapu iliyopata ajali. Mtaa mzima ulicheka. Walisema mwanamke aliyeachika anatafuta cha kumshughulisha. Mama alivua buibui, akaingia kwenye suruali kuukuu ya babu, akafunga kanga kichwani.

Hakuwa peke yake. Nyumba ya pili aliishi jirani yetu, mwanamke mjane wa Kihindi aliyesomesha fizikia sekondari, nasi sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa akija jioni na chapati zake nyembamba za uwatu, zimefungwa kwa kitambaa, tunazila kwa chai ya mchaichai, halafu wao wawili wanarudi kwenye chuma. Mwalimu alichora, Mama akakata. Walikata sakafu ya gari ili fimbo ya gia ipate pa kutokea. Walichomelea kibanio cha vyuma cha kuishikilia giaboksi kwa chini, wakakilaza juu ya vipande vya mpira. Mimi kazi yangu ilikuwa kufua. Nakwambia, hakuna sabuni inayoitoa oili ile. Nilisugua mpaka vidole vikakunjamana, na sare yangu ya skuli ikawa inanuka gereji.

Siku gari ilipowaka na kutembea kwa gia ya kwanza, Mama alilia. Akatia ya pili, sawasawa. Akatia ya tatu, akakanyaga mafuta, na gia ikaruka. Fimbo ilirudi yenyewe katikati na injini ikapiga ukelele mtupu. Akarudia, ikaruka tena. Akienda polepole, inakaa. Akikanyaga tu, inachomoka.

Mjomba alikuwa kibarazani anatazama. Alikuwa mtu wa heshima zake, na gari ile ilimuudhi tangu siku iliyoingia. Wanaume wenzake walimtania msikitini. Alishuka, akamwambia Mama kwamba jamaa wote wanakwenda Uroa Iddi pili, kwa shangazi yao, na kama gari haitakwenda huko na kurudi kwa miguu yake yenyewe, basi itachukuliwa na watu wa chuma chakavu, kwani ua ni wake yeye kuusimamia.

Mama alisimama, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. "Kaka, ua ni wa baba yetu sote. Na gari hii haitoki hapa kwa kuburutwa."

Mjomba alirudi ndani. Mimi nilikuwa sijapata kumsikia mtu akimjibu mjomba.

Akaitwa fundi wa mjini. Alikuwa fundi mzuri, wala simsemi vibaya. Aliisikiliza, akasema meno ya gia ya tatu yameliwa, itafutwe giaboksi nyingine. Mama aliuza bangili zake, ikapatikana. Wakaifunga. Gia ya tatu ikaruka vilevile.

Usiku ule Mama hakula. Ramadhani ilikuwa inaelekea ukingoni na mjomba alishaanza kuuliza bei ya chuma. Kesho yake Mwalimu alikuja akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafikiri kwa sauti kama alivyofanya darasani. Giaboksi mbili haziwezi kuwa na ugonjwa mmoja. Basi ugonjwa haumo ndani ya giaboksi, umo katika kitu tulichokitengeneza sisi. Tukiinyanyua gari kwa jeki na kuzungusha magurudumu hewani, gia hairuki. Kwa hiyo inaruka pale tu injini inapovuta mzigo.

"Injini ikivuta, inajipinda," alisema. "Giaboksi inakwenda nayo, na fimbo inakwenda na giaboksi. Lakini sakafu haiendi."

Mama aliingia ndani, akatoka na kichupa chake cha wanja. Akaupaka wanja kwenye ukingo wote wa tundu walilolikata sakafuni, akatia gia ya tatu njiani, akakanyaga. Ikaruka. Aliporudi tulifunua ngozi iliyofunika fimbo, na pale shingoni mwake palikuwa na alama nyeusi, upande wa mbele. Ukingo wa tundu ndio uliokuwa ukiisukuma fimbo irudi nyuma. Gia ya kwanza, ambayo nayo husukumwa mbele, ilisalimika kwa sababu upande wake walikata kwa upana zaidi.

Sijapata kuwaona watu wazima wakicheka namna ile. Mwalimu alikaa chini kwenye mchanga na sari yake nyeupe. Kisha wakachukua tupa, wakapokezana kuupanua ukingo ule, na ile mipira laini ya kibanio wakaibadilisha kwa mipira migumu ya tairi la lori ili giaboksi isiyumbe.

Iddi pili tulikwenda Uroa. Mama na Mwalimu mbele, mimi nyuma nimejikunja na sahani ya vileja mapajani. Baada ya Dunga barabara ilikuwa tupu. Mama alitia gia ya tatu, akakanyaga mafuta mpaka chini, na mkono wake akauondoa kwenye fimbo, akauweka juu hewani tuuone. Fimbo haikutikisika. Tuliipita gari ya mjomba kabla ya Chwaka. Mama hakupiga honi. Alimtazama tu.

Kule kwa shangazi mjomba aliizunguka gari, akauliza kama breki zinafanya kazi. Mama akasema breki amezifunga mwenyewe, akitaka ampeleke akazijaribu. Hakutaka. Jioni tukarudi nayo Chukwani salama. Hakupanda gari ile mpaka mwisho wa maisha yake, wala Mama hakumbembeleza. Lakini neno la chuma chakavu hatukulisikia tena.

Yote hayo hayapo. Mwalimu alifuata wanawe ng'ambo na huko akafia. Gari ililiwa na chumvi ya bahari, bodi ikatoboka, na Mama mwenyewe ndiye aliyesema basi. Ua uligaiwa, ukauzwa. Sasa Mama anaishi kwangu Mji Mkongwe, kwenye vichochoro ambako gari haiingii, na goti lake la kushoto haliwezi klachi tena.

Watu husema zamani wanawake walikaa kwa adabu. Mimi nilikuwepo hiyo zamani, nimeifulia nguo. Mwaka huu binti yangu ameomba chuo cha ufundi, umakanika wa magari, na jamaa wa baba yake wamekuja kwa heshima kunishauri nimkataze. Niliwapa kahawa na haluwa, nikawasikiliza mpaka mwisho. Kisha nikawaambia nshamnunulia ovaroli.