Maana ya Koliki

Mtoto wangu wa kwanza alianza kulia kila jua lilipogeuka, magoti ameyakunja hadi kifuani, na hakunyamaza hadi wakati wa kuwasha taa. Mimi niliyejisifu kwamba sibabaiki, nilibabaika.

Tuliishi Machakos mjini, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Mama mkwe alikuja kutoka Masii na kuku wawili, na uamuzi alikuwa nao tayari.

"Huyu mtoto ako na kitu ndani," alisema. "Ijumaa twende na yeye nyumbani. Kuna mama huchanja tumbo na wembe, kidogo tu, hiyo damu mbaya inatoka."

Mume wangu alitazama dari. Niliuogopa wembe ule kuliko kilio chenyewe.

Nikampeleka mtoto kliniki. Daktari alimbonyezabonyeza tumbo, akasema ni koliki. Nikauliza maana yake. Alikuwa mtu wa kupenda kueleza: neno limetoka kwa Wagiriki, kwao kolon ni utumbo mpana, na koliki ni maumivu ya huko. Chanzo? Hakijulikani vizuri. Dawa? Mtoto akikua kidogo, yataisha yenyewe. Nilikasirika. Asubuhi nzima kwenye foleni, ili niambiwe kwa Kigiriki kwamba tumbo linauma!

Jirani yangu, mama wa Kiislamu aliyezaliwa Pwani, alicheka nilipomsimulia. Kwao huita chango, alisema, na uchango ni utumbo mwembamba. Basi hawa na hawa walikuwa wametaja mahali panapouma, wakaishia hapo. Sikuona wa kumlaumu.

Hata hivyo neno nililibeba hadi nyumbani.

"Mwaitu," nilimwambia mama mkwe, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita mama, "daktari amepima, hakuna kitu ndani. Inaitwa koliki."

Alilirudia polepole. Jina la hospitali alikuwa akiliheshimu.

"Na dawa yake ni gani?"

"Hakuna. Ni kungoja tu."

Nilijiandaa kwa vita. Yeye akanyoosha mikono, akampokea mtoto anayelia, akamlaza kifudifudi mapajani na kuanza kumsugua mgongo.

"Baba yake tulimchanja mara mbili," alisema, bila kunitazama. "Mimi hakuna mtu aliniambia naweza kungoja."