Bwawa Langu na Ng'ombe wa Jirani

Nilijenga bwawa la kuogelea juu ya kilima, nje kidogo ya Kaplong, mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila alasiri na jioni watu huota moto wakiwa na sweta mwilini. Mimi mwenyewe sijui kuogelea. Nilikuwa karani wa kiwanda cha chai hadi nikastaafu, na maji pekee niliyowahi kuyaingia kwa hiari ni ya beseni.

Sababu ilikuwa mjukuu. Binti yangu anaishi Nairobi na ana mtoto mmoja, msichana. Kila likizo tuliwasubiri, na kila likizo ilipatikana sababu ya kutokuja. Siku moja binti yangu akaniambia kwenye simu, bila ubaya wowote, kwamba mtoto anaona kwetu kunaboa, na kwamba kwa rafiki yake kuna bwawa. Mtu mwenye akili timamu angenunua baiskeli. Mimi nilichukua pesa za kustaafu nikaita tingatinga.

Mke wangu aliniuliza jambo moja tu: shimo hilo likishachimbwa, litakuwa likila nini? Nilicheka. Nilidhani bwawa ni kama sufuria, ukishanunua basi.

Lilikula. Pampu ilikula stima mchana kutwa. Dawa ya maji ilitoka Kisumu, na fundi vilevile, na kila alipokuja nililipa nauli yake, nikamlisha, kisha nikasikiliza maneno yake kwamba huko kwao ziwa zima ni la bure. Majani ya mikaratusi yalianguka majini, nikanunua wavu wa kufunika. Mvua ya mawe ikauchana, nikanunua mwingine. Bonasi ya majani chai ilipoingia, wenzangu walinunua mabati na ndama, mimi nikanunua dawa. Niliposimama kanisani kushuhudia kwamba Mungu ananitunza, niliona watu kwenye benchi la nyuma wameinamisha vichwa, mabega yakiwacheza.

Lakini aliyenimaliza ni mvua. Kila alasiri ilijaza bwawa likafurika, na dawa niliyotia asubuhi ikateremka kilimani. Fundi akanishauri nihamie kwenye chumvi: ningefunga mtambo ambao ungeigeuza chumvi kuwa dawa humo humo majini, nami nipumzike. Nikanunua mtambo. Nikanunua chumvi kwa magunia. Hakuna aliyenikumbusha kwamba chumvi nayo hufurika.

Ikafurika, ikashika mtaro hadi barabarani. Sasa, mtu yeyote aliyekulia huku anajua ng'ombe na chumvi. Utotoni tuliwapeleka ng'enda, kule kwenye udongo wa chumvi, na siku hiyo hatukuhitaji kuwaswaga. Wao ndio waliotukimbiza sisi. Mimi niliyechunga miaka yote hiyo nilisahau kabisa. Ng'ombe wa jirani walianza kwa kulamba mtaro. Baadaye wakaufuata kupanda kilima, wakatoboa ua, na nilipotoka nje baada ya mvua niliwakuta wamejipanga kando ya bwawa wakinywa polepole, bila wasiwasi, kama wageni walioalikwa.

Nilikwenda kwa jirani nikiwa nimefura. Alikuwa anakamua, na alinisikiliza hadi nikaishiwa.

"Mzee, mimi sikuwaita," akasema. "Ni wewe uliwaita."

Nilirudi nyumbani nikaagiza waya wa ua na lango. Nikamlipa daktari wa mifugo aje aangalie maji yale, nisije nikaua ng'ombe wa watu. Akasema wakiyanywa kidogo hayawadhuru, mradi wanywe maji mengine kwao.

Desemba mjukuu akaja na mama yake. Nilikuwa nimesugua ngazi za bwawa mwenyewe, kwa magoti. Alivaa nguo za kuogelea na miwani yake ya majini, akatia mguu mmoja, akautoa. Aliniangalia kwa huruma, akasema kwa adabu kwamba ni kama friji. Kisha akaingia ndani kwa nyanya yake, ambaye alikuwa ameshamwekea beseni la maji moto. Nilibaki pale nimeshika taulo. Niliumia, sitasema uongo. Nilijua Jumatatu wataondoka, na kwamba sitakuwa na kitu kingine cha kumwitia.

Kwa uchungu huo nilisahau kufunga lango. Mvua ilipokatika, ng'ombe wakaingia. Nilichukua fimbo nikatoka kuwamalizia hasira zangu zote, za stima, za dawa na za fundi. Nyuma yangu nikasikia ndala. Mtoto alikuwa amesimama, miwani bado ipo kwenye paji la uso. Ng'ombe mmoja mweusi aliinua kichwa, maji yakimchuruzika, akapiga chafya na kumrowesha mtoto mzima. Mtoto alicheka hadi akaketi chini kwenye maji ya mvua.

"Kugo," akasema, ndivyo anavyoniita babu yake, "usiwafukuze. Si hii pool ni yao?"

Niliiweka fimbo chini.

Jumatatu mama yake aliondoka peke yake. Mtoto alibaki hadi shule zilipokaribia kufunguliwa, na kila alasiri ni yeye aliyefungua lango. Hakuna mtu aliyewahi kuogelea katika bwawa lile. Mke wangu naye siku hizi hunikumbusha saa ya kuwasha pampu.

Mjukuu hupiga simu kila Jumapili. Huulizia ng'ombe kwanza, mmoja mmoja kwa rangi zao, kisha huuliza kama chumvi bado ipo, na yeye atakuja tena lini. Mimi humwambia ipo tele. Kisha nafunga simu, navaa gambuti, naenda Kaplong kununua gunia lingine.